Ovaholi au injini ya mtumba: hesabu niliyoifanya kwa Hilux yangu

Kwa miezi sita nilijifanya sioni. Kila Jumamosi alfajiri, kabla ya kupanda Mgeta, nilichomoa kijiti cha oili, nikakuta imeshuka kwa kiasi kile kile cha wiki iliyotangulia, nikaongeza nusu lita, nikafunga boneti na kuondoka. Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1995 yenye injini ya dizeli iitwayo 3L (hilo ni jina lake, si lita tatu), nililolinunua likiwa limeshatumika sana, na ndilo linalonipatia sehemu kubwa ya riziki yangu kwa kushusha kabichi, karoti na njegere kutoka Nyandira hadi Morogoro mjini. Barabara hiyo huchepuka karibu na Mzumbe na kuanza kupanda milima ya Uluguru, na kwenye mlima kama ule injini iliyochoka haina pa kujificha. Kona ambazo zamani nilizipanda kwa gia ya tatu nikawa nazipanda kwa ya pili, na aliyekuwa nyuma yangu alikuwa akipandisha vioo kwa sababu ya moshi wa bluu.

Siku niliyokubali kwamba mambo yameharibika ni ile nilipofungua kizibo cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma. Kizibo nilikiacha juu ya tundu bila kukifunga, nacho kikaanza kurukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage, huku hewa ya moto yenye harufu ya dizeli ikipuliza kutoka ndani. Hewa hiyo ilipaswa kubaki juu ya pistoni ikifanya kazi ya kusukuma gari. Badala yake ilikuwa inapenya pembeni mwa ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni, na kushuka hadi kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini.

Njia zilikuwa mbili: ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kurekebisha kilicholika, au kuiondoa na kufunga ya mtumba. Pale gereji uamuzi ulitolewa kabla hata sijamaliza kueleza. "Mzee, usijisumbue na ovaholi," aliniambia kijana mmoja ambaye hakuwa amelifungua wala kulipima. "Panda SGR, nenda Ilala, chukua injini used. Wiki moja uko barabarani."

Ushauri huo ndio utakaoupata karibu kila mahali hapa nchini, na hauna ubaya wa asili. Kule Japani gari jipya la mtu binafsi hukaguliwa linapotimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili. Ukaguzi huo, unaoitwa shaken, huambatana na kodi na bima ya lazima, kiasi kwamba mwenye gari la miaka kumi mara nyingi huona nafuu kuachana nalo hata kama linatembea vizuri kabisa. Baadhi ya magari hayo huletwa kwetu yakiwa mazima. Mengine hukatwa, na injini zake hupangwa kwenye makontena pamoja na giaboksi, milango na taa. Kwa hiyo mtu anayekuambia ununue injini ya mtumba anakuambia, kwa maneno mengine, kwamba Mjapani ametupa kitu ambacho bado kina maisha. Mara nyingi anasema kweli.

Ovaholi nayo imejiharibia jina yenyewe, au tuseme imeharibiwa na sisi wenye magari pamoja na mafundi wetu. Kinachoitwa ovaholi katika gereji nyingi ni kufungua injini chini ya mwembe, kutia ringi mpya na gasketi mpya ndani ya silinda (matundu ambamo pistoni hupanda na kushuka) zile zile zilizolika, kupaka silikoni, na kumrudishia mteja gari lake baada ya siku tatu. Ringi mpya ya duara haiwezi kukaa vizuri ndani ya silinda ambayo si duara tena. Baada ya miezi minne moshi unarudi, na mteja anaapa kwamba hatafanya ovaholi tena maishani, ilhali ukweli ni kwamba hajawahi kufanyiwa.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kutoukimbilia ushauri wa kijana yule. Miaka tisa iliyopita nilikuwa na Corolla ya injini ya 5A ambayo niliichemsha kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilinunua injini ya mtumba kwa muuzaji ambaye aliiwasha mbele yangu ikiwa chini, juu ya tairi kuukuu, kwa betri na chupa ndogo ya petroli, nayo ikaimba kama cherehani. Nililipa. Wiki ya tatu ilianza kunywa maji, na tulipoifungua tulikuta hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, imepinda na gasketi iliyowahi kubadilishwa. Niliporudi dukani, muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Si uliisikia ikiwaka?" Sikuwa na jibu, maana kweli niliisikia. Injini iliyowashwa kwa dakika mbili bila rejeta na bila mzigo inathibitisha kwamba inaweza kuwaka kwa dakika mbili, na hilo ndilo pekee nililokuwa nimelinunua.

Safari hii niliamua kwamba sitauliza bei ya kitu chochote kabla ya kupima. Fundi ninayemwamini, mtu wa makamo asiyependa maneno, alitoa zile plagi za kupasha moto na kufunga geji ya kompresheni, yaani ya kupima shinikizo ndani ya silinda, kwenye tundu moja baada ya jingine, betri ikiwa imejaa na injini ikiwa ya moto. Kitabu cha Toyota cha injini za L, ambamo 3L imo, kinataka takriban bar 31 kwa kila silinda ya injini isiyochoka, hakikubali chini ya takriban bar 20, na hakitaki silinda zipishane kwa zaidi ya bar 5 hivi. Ya kwanza ilisoma 24, ya pili 22, ya tatu 16, ya nne 22. Akatia oili kidogo sana ndani ya ile ya tatu, kijiko kimoja tu, kwa kuwa kwenye dizeli nafasi juu ya pistoni ni ndogo na oili ikizidi unaweza kupinda konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Akapima tena, ikapanda hadi 23. Hapo tukajua kwamba hasara haikuwa kwenye valvu wala kwenye gasketi. Oili ile ilikuwa imeziba kwa muda njia iliyokuwa kati ya ringi na ukuta wa silinda.

Kipimo hicho kilichukua chini ya saa moja. Naona ajabu kwamba watu hutumia mamilioni bila kukifanya, lakini na mimi nilishawahi kuwa mmoja wao.

Tuliishusha injini, tukaivua, na bloku, lile pande la chuma lenye silinda, tukaipeleka karakana ya kuchonga vyuma kwa mzee mmoja ambaye mashine yake inaonekana kuwa na umri kuliko mimi. Alifuta silinda ya tatu kwa kitambaa, akaingiza mkono na kuupandisha ukucha wa kidole gumba taratibu ukutani hadi ukagonga kitu na kusimama, karibu na mdomo wa juu. "Weka wako," akaniambia. Niliweka, nikasikia ngazi ndogo, kama ukingo wa sarafu. Pale juu ringi hazifiki, kwa hiyo chuma kimebaki kama kilivyotoka kiwandani. Chini yake ndipo ringi zilipokuwa zikisugua kwa miaka yote hiyo, na ndipo chuma kilipokwenda. Kisha akashusha ndani kile kipimo chenye saa juu yake, akakigeuza upande wa kranki (shafti inayozungushwa na pistoni) na upande wa kulia na kushoto, na kuandika kwa chaki pembeni mwa kila tundu. Silinda za 3L zina kipenyo cha milimita 96. Ya kwanza ilikuwa imelika milimita 0.15, ya pili na ya nne karibu 0.20, ambacho ndicho kikomo, na ya tatu ilikuwa imefika 0.31, tena kwa umbo la yai.

"Mwanangu, bloku hii haina neno," alisema, na kwa "fifti" alimaanisha pistoni zenye nyongeza ya milimita 0.50. "Inachongwa, inaingia fifti, inaanza upya. Lakini niambie kwanza, vumbi linapita wapi?"

Swali hilo ndilo lililokuwa na thamani kuliko kazi yote tuliyokuja kuifanya, na ndilo ambalo nisingeulizwa na mtu yeyote kama ningekwenda moja kwa moja Ilala. Injini haiwezi kulika hivyo kwa oili mbovu peke yake. Kulika sehemu ya juu kabisa ya silinda, tena silinda moja kupita wenzake, mara nyingi ni kazi ya vumbi linaloingia na hewa. Nilirudi nyumbani nikalivua bomba la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa. Upande wa juu lilikuwa zima. Upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulale mgongoni, lilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole, na ndani yake kulikuwa na utando mwekundu laini kama unga wa mdalasini: udongo wa barabara ya Mgeta. Chujio nililokuwa nikilibadilisha kwa uaminifu kila mara lilikuwa halina kazi, kwa kuwa sehemu ya hewa ilikuwa inaingia baada yake. Kama ningefunga injini ya mtumba, hata ingekuwa bora kuliko zote zilizowahi kushuka bandarini, ningeilisha udongo ule ule kupitia bomba lile lile, na baada ya mwaka mmoja ningekuwa nawalaumu Wajapani.

Hata hivyo sikuwa nimeamua, na nilitaka kuzitendea haki pande zote mbili. Nilipanda treni hadi Dar es Salaam, nikazunguka Ilala na Gerezani kwa siku nzima nikiangalia injini za 3L. Nilichokigundua kwanza ni kwamba si nyingi tena. Kipindi kile Tokyo na mikoa jirani yake ilipoanza, Oktoba 2003, kuyazuia malori na magari ya mizigo ya dizeli yasiyofikia viwango vipya vya moshi, Hiace na Dyna za zamani zenye injini kama hii zilipoteza soko kwao, na injini zake zikaja kwetu. Hilo lilitokea zaidi ya miaka 20 iliyopita, na injini ya 3L unayoionyeshwa leo si kijana kwa hesabu yoyote ile. Zaidi ya hapo, baadhi ya nilizoziona zilikuwa na alama ambazo hazikutoka Japani: grisi iliyochanganyika na udongo mwekundu kwenye pembe za bloku, boliti za hedi zilizokwaruzwa na spana isiyo saizi yake, na moja ilikuwa imerukiwa rangi ya fedha hadi kwenye mabomba ya mpira. Mtu anayepaka rangi mpira ana jambo anaficha. Injini ambayo imeshatembea hapa nyumbani, ikatolewa na kurudishwa dukani, haina tofauti na niliyonayo, isipokuwa kwamba yangu naijua.

Kulikuwa na moja iliyonivutia. Ilikuwa kavu, mabomba yake yamekatwa kwa kisu kama wanavyofanya wanaokata magari kwa haraka kule Japani, alama za rangi za kiwandani bado ziko juu ya vichwa vya boliti, na chini ya kizibo cha oili hapakuwa na tope jeusi wala ute wa kahawia unaoashiria maji. Tuliizungusha kwa spana kwa mkono, ikazunguka kwa uzito ulio sawa. Muuzaji, nampa sifa yake, alikubali tuipime kompresheni kwa stata, ikatoa 26 hadi 28 kwenye silinda zote. Bei ilikuwa shilingi 4,200,000. Tatizo lilikuwa kwamba imetoka kwenye Hiace, ambamo injini hulazwa upande chini ya viti, hivyo sampu, bomba la kunyonyea oili na vishikio vya pembeni si vile vya Hilux. Kazi ya kuhamisha vitu hivyo kutoka injini yangu inafanyika, mafundi huifanya kila siku, lakini kuhamisha sampu na bomba la oili maana yake ni kuifungua chini, na ukishaifungua chini umeshaanza ovaholi kwenye injini ya mtu mwingine.

Nilirudi Morogoro na daftari. Injini ile pamoja na usafiri, mkanda mpya wa taiming, pampu ya maji, oili sili, oili, na malipo ya fundi wa kuifunga, ingenigharimu 5,110,000. Ningeiuza ya zamani kwa 600,000 kwa wanaotafuta bloku, zikabaki 4,510,000. Ovaholi kamili, kwa maana ya pistoni na ringi za nyongeza ya 0.50, beringi, seti ya gasketi, kuchonga silinda zote nne, kung'arisha kranki, kuhudumia hedi na valvu, kusafisha na kupima nozeli zinazopulizia dizeli, mkanda, pampu ya maji, oili na fundi, ilifika 2,950,000. Ukiishia hapo utasema jibu liko wazi, na watu wengi huishia hapo. Lakini injini ya mtumba ingeniweka nje ya barabara wiki moja, na ovaholi iliniweka nje wiki saba. Katika wiki hizo nilikodi gari la mwenzangu kwa safari kumi na mbili, kila moja 90,000, yaani 1,080,000 zilizotoka mfukoni mwangu bila kuingia kwenye chuma chochote. Tofauti iliyobaki kati ya njia hizo mbili haizidi bei ya tairi chache. Kwa mtu anayelipwa mshahara na anayetumia gari kwenda kanisani au msikitini, wiki saba si kitu; kwa dereva mwenye mkopo wa kila mwezi zinaweza kumfilisi, na nisingemlaumu akichagua vinginevyo.

Kwa nini wiki saba? Wiki mbili za kwanza zilikwenda kwa kutafuta pistoni. Mzee wa karakana alikataa kuanza kuchonga kabla hazijafika mkononi mwake, kwa sababu yeye huzipima moja moja na kuchonga kila silinda kulingana na pistoni itakayokaa humo, wala haamini kilichoandikwa kwenye boksi. Baadaye nilielewa sababu: seti ya kwanza niliyoletewa, yenye boksi zuri lenye maandishi ya Kijapani, ilikuwa na pistoni mbili zilizotofautiana unene kiasi ambacho hata mimi nilikiona kwenye kipimo. Tuliirudisha. Hatimaye tulipata ringi za NPR na beringi za Taiho kwa mtu anayejulikana kutouza za bandia, na bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya zile za kwanza. Wiki moja hedi ilikaa ikipimwa nyufa kwa maji ya shinikizo, kwa kuwa hedi za injini za L zina tabia ya kupasuka kati ya valvu zikishachemshwa, na hedi iliyopasuka ingebadilisha hesabu yote. Yangu ilipona. Siku tatu zilipotea kwa gasketi ya hedi, ambayo kwa injini hii huja kwa unene wa aina tatu; unapima jinsi pistoni inavyochomoza juu ya bloku ikiwa imefika juu kabisa, kisha unachagua. Duka la kwanza halikujua kwamba kuna aina tatu. Zilizobaki zilikuwa siku za kungoja zamu na za umeme kukatika.

Nisieleweke kwamba nawapigia debe wenye ovaholi, maana wakati Hilux ikiwa juu ya mawe nilimshauri dada yangu afanye kinyume chake kabisa. Yeye ana RAV4 ya mwaka 2000 yenye injini ya 1ZZ, ile ya lita 1.8 yenye cheni. Injini hizo za mwanzo, kabla ya takriban 2002, zina udhaifu unaojulikana: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo na machache, yanaziba kwa masizi, ringi za oili zinaganda, na injini inaanza kula oili bila kuvuja tone hata moja chini ya gari. Dada hakuwa na mazoea ya kuchomoa kijiti. Oili ilipungua hadi injini ikanoki akiwa anarudi kutoka Dodoma, na alinipigia simu akisema kuna mtu anagonga nyundo ndani ya boneti.

Alitaka kufanya kama mimi. "Kaka, si wewe unasema ovaholi ndiyo bora?" Sikuwahi kusema hivyo. Bloku ya 3L ni pande la chuma lenye nyama ya kutosha, limetengenezwa likitarajia kuchongwa. Bloku ya 1ZZ ni ya aluminiamu, na ndani yake kuna mirija myembamba ya chuma iliyoyeyushiwa humo, myembamba kiasi kwamba hakuna cha kuchonga, na Toyota haikuitolea pistoni za nyongeza. Kwa hiyo dada alikuwa na kranki iliyokwaruzwa, silinda zisizochongeka, na pistoni ambazo hata zingekuwa nzima zingerudia ugonjwa ule ule. Tulimtafutia 1ZZ iliyotoka kwenye gari la baada ya mabadiliko ya pistoni, tukaipima, tukambadilishia sili ya nyuma ya kranki, pampu ya maji na themostati ikiwa bado chini ambapo kila kitu kinafikika kwa mkono, tukahamishia juu yake vitu vya RAV4 ili nyaya na kompyuta ya gari visilalamike. Alitumia chini ya milioni 3 na siku nne.

Jambo moja ambalo wauza injini hawalitaji, na ambalo dada alilazimika kulishughulikia baadaye, ni kadi ya gari. Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato (TRA) ina namba ya injini pamoja na namba ya chesisi, hivyo ukibadilisha injini una wajibu wa kubadilisha taarifa hizo, na utahitaji risiti ya halali ya mahali ulipoinunua. Kuna wanaouza bila risiti kwa bei ya chini kidogo. Injini isiyo na karatasi inaweza kuwa imetoka kwenye gari la mtu ambaye bado analitafuta, na siku utakapotaka kuliuza gari lako, au siku polisi watakapolinganisha namba, maelezo utayatoa wewe. Mimi, kwa kuwa bloku yangu ilibaki ile ile, sikuhitaji kwenda popote.

Hilux ilirudi barabarani ikiwa na bomba jipya la hewa, ambalo liligharimu 45,000. Kilomita 500 za kwanza niliziendesha bila mzigo mzito, lakini pia bila kulibembeleza kupita kiasi, kwa sababu mzee wa karakana alinionya kwamba ringi mpya hukaa vizuri zikisukumwa kidogo, na kwamba injini inayoachwa inguruma tu uani huishia kung'arisha ukuta wa silinda bila ringi kushika. Nilibadilisha oili baada ya kilomita hizo 500, nikaimwaga kwenye beseni jeupe, na kwenye mwanga wa jua ilimeta vumbi la chuma kama samaki aliyepakwa mafuta. Nilishtuka, fundi akacheka na kuniambia nisubiri ile ya pili. Ya pili, kwenye kilomita 2,000, ilikuwa nyeusi kama oili ya injini ya dizeli inavyotakiwa kuwa, bila kumeta.

Sasa ina kilomita 9,400. Ile kona ya kabla ya Langali naipanda kwa gia ya tatu nikiwa na gunia 14 za karoti, na kizibo cha oili nikikiacha juu ya tundu kinatulia. Kinachonisumbua ni kuwaka asubuhi za Juni kule juu Nyandira, ambapo stata inazunguka mara nyingi kuliko ninavyopenda kabla injini haijashika. Kompresheni tumeipima tena ikatoa 30 kwenye silinda zote nne, kwa hiyo fundi anashuku pampu ya dizeli, ambayo ndiyo pekee tuliyoiacha bila kuigusa ili kuokoa 400,000. Jumatatu tunaishusha.